Nafsi ya Kwanza Umoja: Kauli ya Korona na Mtoto wa Rumonge

Mnamo Julai 2020, miezi mitatu baada ya wagonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini Burundi, serikali ilianzisha kampeni ya kupima watu iliyobeba kauli ya Kirundi: "Ndakira, sinandura kandi sinanduza". Kwa Kiswahili twaweza kusema: napona, siambukizwi wala siambukizi. Kauli hii inastahili kuhakikiwa kama utungo wowote, maana ilikusudiwa kutamkwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Nasi walimu wa Kiswahili inatuhusu, kwa kuwa huko Rumonge, yapata kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, Kiswahili ni lugha ya sokoni na mwaloni pamoja na Kirundi.

Fani yake ni njema. Ina vitenzi vitatu pasipo nomino hata moja, na viwili vya mwisho vinatofautiana kwa kiambishi cha kutendesha tu. Mtoto wa darasa la pili aweza kuikariri. Tafsiri, hata hivyo, inazua jambo. Katika Kirundi, kwandura ni kitenzi ambacho mwenye kuugua ndiye mtenda wake. Kiswahili hakina budi kutumia kauli ya kutendwa, na palipo na mtendwa msikilizaji huuliza mtenda ni nani. Darasani swali hilo ni la sarufi. Nyumbani ni shutuma.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, imo katika nafsi. Vitenzi vyote ni vya nafsi ya kwanza umoja, na mtoto wa mwaloni hana umoja huo. Hachagui maji anayokunywa, wala idadi ya wanaolala chumbani mwake, wala saa ya mama kwenda kununua ndagala boti zirudipo alfajiri. Mama akiugua, dada mkubwa ndiye abebaye mdogo mgongoni na ndoo kichwani. Si kwamba shule zilifungwa: Burundi haikuzifunga zake, ilhali Tanzania ilizifunga Machi 2020 hadi Juni, na Uganda ikakaa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Uamuzi huo uliwanusuru watoto wengi na hasara ya masomo. Lakini shule ikiwa wazi, binti aliyebaki nyumbani kuuguza huandikwa mtoro, wala hahesabiwi miongoni mwa walioguswa na janga.

Rumonge ilikwisha kuyaona haya. Kipindupindu cha janga la saba la dunia, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, kiliingia Burundi mwaka 1978, na tangu hapo kimerudi mara nyingi katika ufuko huo. Uchunguzi uliofanywa Rumonge wakati wa mlipuko wa 1992, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1997, ulionyesha kwamba hatari ilikuwamo katika kuoga ziwani na kunywa maji yake. Agizo litokanalo na ujuzi huo ni fupi: usioge ziwani, usinywe maji yake. Ni agizo la kweli kabisa, lakini mtoto akilitii ataoga wapi? Kwake ziwa ndilo bafu, ndilo bomba, ndilo uwanja wa michezo. Hapa tena twamsemesha mmoja juu ya jambo asilolimudu peke yake.

Kwa hiyo sentensi iliyo bora katika kampeni ya 2020, kwangu mimi, ilikuwa tangazo la bei: sabuni ya buluu ilipunguzwa bei, na maji vilevile. Mtenda hapo ni serikali, mtendewa ni kaya nzima. Hakuna aliyeikariri, kwani haiimbiki.

Mwalimu atakaye kuitumia kauli hii darasani asiishie kwenye ukanushi na mnyambuliko. Awaambie wanafunzi waigeuze iwe ya wingi, napona iwe tunapona, kisha waandike "sisi" ni akina nani: mama, dada, mvuvi, jirani mwenye bomba, mkuu wa mtaa.