AT-LP60X: Weka Santuri, Bonyeza, Usikie Besi!

Wapenzi wa zilipendwa, hii msiikose! Ni AT-LP60X, mashine ya kupigia santuri ya Audio-Technica, kampuni ya Japani iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1962, na tangu niitoe kwenye boksi sitaki kusikia muziki kwa njia nyingine. Unaweka santuri, unabonyeza kitufe kimoja, basi! Mkono unajinyanyua, unasogea hadi ukingoni, unashuka taratibu, na sindano ya almasi inaingia mferejini. Upande ukiisha, mkono unarudi mahali pake na sahani inaacha kuzunguka. Hakuna tena kidole kinachotetemeka juu ya santuri aliyokuachia baba.

Nilipiga kwanza Sina Makosa, wimbo wa bendi ya Les Wanyika, na hapo nikapagawa. Wimbo huu nimeusikia maisha yangu yote, harusini, kwenye matatu, kwenye simu, lakini besi ya Tom Malanga sikuwahi kuisikia hivi! Kwenye spika ya simu ni kama haipo. Hapa inatembea, inanyamaza kidogo, inarudi na kifua chake chote, huku gitaa la John Ngereza na lile la ridhim la Omar Shabani yakijibizana juu yake, kila moja na mahali pake chumbani. Nilisimama nikacheza peke yangu.

Na siri yake ni tamu. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi, kwa sababu besi nzito huchonga mfereji unaoyumba mno na kula nafasi ya wimbo. Wakati wa kupiga ni lazima irudishwe, na sauti inayotoka kwenye sindano, ambayo ni hafifu sana, nayo ikuzwe. Kifaa cha kazi hizo mbili kwa kawaida hununuliwa peke yake. Hapa kimo ndani! Chomeka waya kwenye redio yenye tundu la AUX, au spika zenye amplifaya yake, muziki unalia. Mwenye amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO atakizima kwa swichi iliyo nyuma. Ipo pia AT-LP60XBT inayorusha sauti kwa bluetooth, ila mimi nabaki na waya.

Inazunguka mara 33⅓ au 45 kwa dakika, na hizo 45 ndizo zetu hasa! Nyimbo nyingi za dansi zilizotoka Nairobi miaka ya 1970 zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo, zikakatwa sehemu mbili. Unapoigeuza, magitaa ndiyo kwanza yanachachamaa. Kuinuka kitini katikati ya wimbo kwangu ni sehemu ya raha: hapo husikilizi huku unafanya jambo jingine.

Santuri za mizunguko 78, kama alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, usiziweke humu. Kasi hiyo haina, na sindano yake ni nyembamba kwa mfereji mpana wa enzi zile; hizo zinataka mashine kama AT-LP120X yenye sindano ya 78. Uzito wa mkono nao umepangwa kiwandani, hauguswi. Mafundi watanuna, mimi nashangilia: yeyote nyumbani anaweza kuipiga bila kuharibu kitu.

Spika zitenge na meza ya mashine, la sivyo mtikisiko wa spika unaifikia sindano na besi yote inavurugika. Vumbi lipanguse kabla ya kila upande. Sindano ikichoka huchomolewa peke yake na kuwekwa nyingine. Santuri je? Wakazi wa Nairobi, nendeni Kenyatta Market mkapekue! Mimi jioni hii namwekea zamu Mbaraka Mwinshehe, sauti juu, na majirani wanakaribishwa.