Jipya Mbele, la Mbele Nyuma

Ukitaka kumpima fundi wa baiskeli, usimtazame anapoziba pancha. Kuziba pancha kila kijana wa barabarani anakujua. Mtazame anapomchagulia mtu tairi la mbele, na hasa mtu ambaye kesho alfajiri atafunga gunia la makaa nyuma ya baiskeli na kuteremka nalo kuelekea ziwani. Nimewatazama mafundi wa pembezoni mwa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wakiifanya kazi hiyo, na kila mara heshima yangu kwao imezidi.

Mmoja wao yuko Katanika. Ni mtu mzima, wateja humwita Papa, na kibanda chake ni nguzo nne na turubai. Siku moja alikuja kijana na baiskeli ya milimani ya mtumba, yenye rimu za inchi 26. Tairi lake la nyuma lilikuwa limekwisha kabisa, nyuzi zinaonekana. La mbele lilikuwa limeliwa meno ya katikati tu, mbavu zake bado nzima. Kijana alitaka jambo lililo wazi kwa kila mtu: tairi jipya liende nyuma, palipoharibika. Tena alitaka jembamba, kwa sababu ameambiwa jembamba linakimbia.

Papa hakumjibu mara moja. Aliingia kivulini akatoka na matairi mawili. Yale yaliyoning'inia mbele ya kibanda, yaliyopigwa na jua mchana kutwa, hakuyagusa. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye jino la tairi la kwanza, akasubiri kidogo, akautoa. Ukucha uliteleza bila kuacha kitu. Kwenye tairi la pili uliacha mstari mdogo ambao ulijaa taratibu mpaka ukapotea. Kisha akakunja ubavu wa kila tairi kwa vidole viwili na kuusogeza kwenye mwanga, akitafuta zile nyufa nyembamba zinazoonyesha kwamba mpira umezeeka kabla ya kutumika. Mwisho akaligeuza la pili ndani nje, akapitisha kiganja juu ya nyuzi, akafuata waya wa ukingo mzunguko mzima kuhakikisha haukupinda popote.

"Hili gumu, mwanangu, ni la nyuma," alisema, akilirudisha kivulini. "Wewe leo nyuma utapata lile lako la mbele. Jipya linakaa mbele."

Kijana alishangaa, na mtu yeyote angeshangaa. Lakini sababu zake ni nzito, na zote ziko katika udongo wa pale.

Jina la Katanika wengi walilisikia kwa mara ya kwanza kupitia kambi ya waliokimbia mapigano ya jamii za Watwa na Waluba, mwaka 2016 na 2017, walipofika kwa maelfu wakiwa na walichoweza kubeba mgongoni. Waliofika hapo walianza kuishi kwa vibarua, kwa kuni na kwa makaa. Makaa yanatoka mbali na yanauzwa mjini. Kalemie ina bandari, na ina reli iliyofika kutoka Kabalo mwaka 1915, zama mji ukiitwa Albertville. Lakini reli haipiti kwenye tanuri la makaa wala shamba la muhogo. Baiskeli inapita. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na nchi inaanza kupanda mara tu unapouacha ufukwe. Kwa hiyo anayeleta mzigo mjini anauleta akiteremka: kiangazi juu ya udongo mgumu uliotapakaa changarawe, ambayo chini ya tairi huviringika kama gololi, na masika juu ya tope jekundu.

Sasa fikiria kinachotokea kwenye mteremko. Gunia liko nyuma, na baiskeli ikipanda, gurudumu la mbele huwa jepesi kiasi cha kutaka kuinuka. Ikiteremka na breki ikashikwa, uzito mwingi unasukumwa mbele, na lile gurudumu lililokuwa jepesi ndilo linalobeba kazi ya kusimamisha na kuongoza kwa wakati mmoja. La nyuma likiteleza, baiskeli inayumba mkia, mwenye baiskeli anaachia breki kidogo, anashusha mguu, mambo yanarudi sawa. La mbele likiteleza, usukani haumsikilizi tena mtu, na kabla hajajua lililotokea bega liko chini na gunia liko juu yake. Tofauti hiyo ndiyo inayomwongoza fundi anapochagua. Tairi la nyuma likikosea, mtu anachelewa. La mbele likikosea, mtu anavunjika.

Ndiyo maana mpira laini hukaa mbele. Mpira laini unajibana kwenye kila kokoto na kulishika, ila unaisha haraka. Ukiwekwa nyuma, ambako mzigo unakaa na mnyororo unavuta, utaliwa upesi na fedha ya mtu itapotea. Mbele, ambako hakuna kinachousaga isipokuwa breki na kona, unadumu. Na lile la zamani la mbele, ambalo meno ya kati yamepungua, linaifaa nyuma vizuri: kinachotakiwa huko ni kubeba na kubingirika, na katikati palipokaribia kuwa kipara panabingirika barabarani bila kukwaruza sana. Kwa fedha ya tairi moja kijana amepata mbele bora na nyuma inayotosha. Mimi naona hesabu hiyo ni ya kistadi kuliko nyingi zinazofanywa maofisini, maana aliyeifanya alikuwa anauza tairi moja tu, kwa mteja mwenye haraka, na hakukubali kuuza kwa njia rahisi.

Upana ndio ulioleta ubishi mrefu zaidi. Kijana aliamini jembamba ni jepesi, na kwenye lami iliyonyooka ana haki kidogo. Lakini tairi hubebwa na upepo uliomo ndani yake, na hapo hesabu ni ya wazi. Chukua kilo 40 zimelala juu ya gurudumu la mbele. Ukijaza upepo wa kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba, tairi litagusa ardhi kwa takriban sentimita 10 za mraba. Ukijaza kilo 2, litagusa kwa takriban 20. Mguso umekuwa maradufu kwa kupunguza upepo tu. Kwa nini basi usipunguze upepo kwenye tairi jembamba? Kwa sababu tairi la inchi moja na nusu halina kina: likikutana na jiwe, jiwe linaifikia rimu, tyubu inabanwa kati yao na kutoboka matundu mawili yanayotazamana. Tairi la inchi 2.25, upana wa milimita 57 hivi, lina nafasi ya kubonyea na kurudi. Upana ni ruhusa ya kutembea na upepo mdogo, na upepo mdogo ndio unaoliacha tairi lilale juu ya kokoto badala ya kurukaruka.

Hata hivyo Papa hakuchukua pana kuliko yote. Aliinama akatazama kati ya miguu ya uma unaoshika gurudumu la mbele, akapitisha kidole kupima nafasi iliyobaki kila upande, kwa sababu tairi likijaa pale, tope la masika litakwama na gurudumu litasimama lenyewe. Akapima rimu pia. Tairi pana mno juu ya rimu nyembamba huyumba kwenye kona, linalala upande mtu asipotaka. Kisha akayatazama meno. Alitaka ya pembeni yawe makubwa na imara, kwa sababu hayo ndiyo yanayouma ardhi baiskeli inapoinama, na alitaka nafasi kati yake iwe ya kutosha ili tope lirushwe nje tairi likizunguka. Meno yaliyosongamana hupendeza dukani, lakini yakishajaa udongo ni kipara kingine.

Tairi hili la kushika njia mbovu limetoka kwenye baiskeli za kazi. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilianza kuuza baiskeli zenye matairi ya inchi 26 kwa 2.125, mazito na manene, na wavulana wa kusambaza magazeti walizipenda kwa sababu zilivumilia. Miaka zaidi ya 40 baadaye, vijana wa Marin, California, waliziokota baiskeli hizo kuukuu na kushindana nazo kwenye mteremko wa vumbi walioupa jina Repack, kuanzia 1976. Huko ndiko mchezo wa baiskeli za milimani ulikopata umbo. Tom Ritchey, mmoja wa waliotengeneza fremu za mwanzo za mchezo huo, alikwenda Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wanavyosukuma kahawa milimani, akawabunia baiskeli ndefu ya mzigo. Mimi huifurahia safari hiyo: kilichoanza na mvulana wa magazeti kimerudi kwa mbebaji.

Na mpira wenyewe una deni katika nchi ya Papa, Kongo. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo huko Belfast mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, na homa ya baiskeli ya miaka ya 1890 iliufanya mpira wa mwituni kuwa dhahabu yake. Watu wa misitu ya magharibi na kaskazini walilazimishwa kuugema kwa mjeledi na bunduki, mpaka kelele za dunia zilipomnyang'anya nchi hiyo mwaka 1908. Leo matairi yanakuja Kongo kwa meli kutoka Asia. Ninapomwona fundi wa Kikongo akilipima tairi kwa ukucha, asikubali lolote ambalo halijamridhisha, naona haki ndogo imetendeka.

Kulivalisha kulikuwa kazi fupi. Alipaka tyubu poda kidogo isigandie, akaijaza pumzi mbili tu ipate umbo, akaiingiza, akalitazama tena tairi kuhakikisha mshale wa ubavuni unaelekea linakozunguka. Ukingo wa mwisho aliuingiza kwa vidole gumba peke yake. Mpini wa kijiko ulikuwa pale chini, lakini kijiko hubana tyubu, naye alikuwa na vidole. Akajaza upepo, akainua baiskeli, akazungusha gurudumu akiutazama ule mstari mwembamba wa mpira ulio juu tu ya rimu. Mahali pamoja ulizama. Akatoa upepo wote, akapakanda kwa kiganja, akajaza tena, mstari ukawa sawa mzunguko mzima.

Kisha akampa pampu kijana ajaze mwenyewe, ili mkono wake uzoee. Nyuma, mzigo ukiwapo, kilo 4. Mbele, mbili na nusu kiangazi, mbili tope likianza. "Ukishusha gunia mjini, la nyuma lipunguze kama unataka kurudi kwa raha," Papa alimwambia. "La mbele usiliguse."