Mahali Anaposimama Msimulizi

Mgeni alikwenda hadi barazani kwa Bi Mwanaidi, akapiga hodi. Mgeni alikuja hadi barazani kwa Bi Mwanaidi, akapiga hodi. Tukio ni lile lile. Lakini katika sentensi ya kwanza tumo njiani na mgeni, hatujui atapokewaje. Katika ya pili tumekwisha kukaa na Bi Mwanaidi, na sasa mgeni ndiye fumbo. Mwandishi amebadili kitenzi kimoja tu, nasi tumehamia upande wa pili wa mlango.

Ufundi huu naupenda kuliko wowote mwingine katika riwaya. Shuleni tunafundishwa nafsi ya kwanza, nafsi ya tatu, na msimulizi maizi ajuaye hata yaliyomo mioyoni mwa watu. Mgawanyo huo una faida yake, ila mwanafunzi akishajaza jibu kwenye karatasi ya mtihani hudhani amemaliza, kumbe hapo ndipo maswali yanapoanza. Huyu anayetusimulia amesimama wapi? Anajua kiasi gani? Anataka tumwamini nani?

Mtazame Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika (1971) msimulizi yuko nje ya kisa. Anaingia nyumbani kwa Zakaria kule Ukerewe, anauona ukali wa baba, kisha anamfuata Rosa aendako. Tunamhurumia binti huyu kwa kuwa tunauona mtego kabla yake. Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, Kezilahabi anamwachia Kazimoto aseme mwenyewe. Manase, msomi mwenye cheo, amemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Na Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Msimulizi wa nje angetuambia kwamba kijana huyu amejaa chuki, tukamhukumu kwa mbali na kulala usingizi. Hapa chuki yenyewe ndiyo inayozungumza, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma, mwenye hoja na jicho kali. Tunakwenda naye ukurasa baada ya ukurasa tukimkubalia, mpaka tunashtuka kwamba tumekuwa tukiitikia mpango wa kumdhuru msichana asiye na kosa lolote. Hakuna sauti ya pembeni inayotuonya. Hukumu tumeachiwa sisi. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa mambo ya kijasiri kabisa yaliyowahi kufanywa katika riwaya ya Kiswahili.

Ken Walibora naye alichagua “mimi” katika Siku Njema (1996), kwa haja nyingine. Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu Zainabu Makame, anakulia Tanga bila kumjua baba yake, kisha anafunga safari ya kumtafuta. Msimulizi maizi angebanwa: ama atuambie baba yuko wapi, safari yote ipoteze maana, ama atufiche kwa makusudi, na msomaji hapendi kufichwa na anayejua. Ukichunguza, utaona kwamba Kongowea ni wawili. Yuko anayesimulia, ambaye safari ameimaliza na mwisho anaujua. Na yuko kijana aliye barabarani, asiyejua kesho atalala wapi. Yule mkubwa anauzuia ulimi wake ili mdogo atembee. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa neno moja la mapema lingeharibu kila kitu.

Wala nisieleweke kwamba namdharau msimulizi maizi. Shaaban Robert alimtumia bila kumwonea haya, naye akajua wakati wa kumnyamazisha. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Badala ya msimulizi kutueleza uovu wa nchi ya Kusadikika, mshtakiwa ndiye anayepewa nafasi, naye anasimulia mbele ya baraza visa vya wajumbe waliotumwa kwa manufaa ya nchi wakarudi kutupwa gerezani. Kila kisa ni sehemu ya utetezi wake. Asipoaminiwa, ameangamia. Maneno hayo hayo yangetoka kwa msimulizi asiye na cha kupoteza, tungeyasoma kama mawaidha. Yakitoka kwa Karama, tunakaa tukisubiri baraza litasema nini.