Picha za Wakoloni Mikononi mwa Petna Katondolo
Kapita, filamu ambayo Petna Ndaliko Katondolo wa Goma, mashariki mwa Kongo, aliitoa mwaka 2020, imejengwa kwa sehemu kubwa kwa picha ambazo si yeye aliyezipiga. Ni picha za enzi ya Wabelgiji: migodi, mashine, na watu wakichapa kazi mbele ya kamera ambayo hawakuiita. Filamu za aina hiyo zilitengenezwa kuwasifu wenye kampuni na serikali yao, na nyingi zimehifadhiwa Ubelgiji hadi leo. Mchimbaji huonekana mgongo na mikono. Anayesema ni msimulizi, kwa Kifaransa.

Mtu mwingine angezitumia kama ushahidi wa mateso, kisha akaendelea na yake. Katondolo hana haraka hiyo. Anazikutanisha na picha za Kongo ya leo, mpaka mtazamaji anashindwa kusema kama uchimbaji anaouona ni wa enzi ya babu au ya mjukuu. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Kuhariri filamu ni kuamua jicho likae wapi na kwa muda gani, naye analiacha likae kwa yule ambaye kamera ya mkoloni ilimhesabu kuwa nguvu kazi tu. Mtindo wake ameuita Ejo-Lobi, kwa maneno ya Kinyarwanda na Kilingala ambayo kila moja hubeba jana na kesho kwa pamoja. Sijui njia bora ya kuwaheshimu wahenga kuliko kuwatazama hivyo, bila pupa, kama watu ambao bado tuna mazungumzo nao.

Ufundi huu hakuufungia ndani. Mwaka 2000, akiwa Kampala, alianzisha Yolé!Africa, kituo cha sanaa kilichokuja kuota mizizi Goma, ambako vijana hujifunza kushika kamera, kuhariri, kucheza na kuimba. Kituo hicho ndicho kilichozaa tamasha la filamu la Salaam Kivu, ambalo baadaye liliitwa Congo International Film Festival. Kuchagua filamu za kuonyesha katika mji uliochoshwa na vita ni kazi nzito: watu wa Goma wametazamwa sana na wageni, na anayechagua ndiye anayewapa nafasi ya kujitazama wenyewe.

Tena Goma imejaa mashirika ya misaada, na fedha zao mara nyingi huja na hadithi iliyokwisha kuandikwa. Cherie Rivers Ndaliko, aliyefanya kazi na Katondolo, alilichambua jambo hilo katika kitabu chake Necessary Noise cha mwaka 2016. Jibu la Katondolo mimi nalipata katika filamu yake Jazz Mama, ya 2010. Wakati kamera za dunia zilipokuja Kivu, eneo la Goma, kutafuta mwanamke anayelia, yeye alimwonyesha mwanamke anayeibeba jamii, bila kuuficha ukatili anaotendewa. Katika Mabele na Biso, ya 2013, alikwenda Isangi, ambako wananchi waliendesha redio yao kwa mafuta ya mawese. Mawese yale yale ambayo kampuni ya Lever iliyafuata Kongo tangu 1911, na ambayo wazee wengi walitumikishwa kwa ajili yake, safari hii yalibeba sauti ya wajukuu!

Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wapiga picha wa nje wamerudi na maswali yao ya zamani. Natamani sana kwamba picha za miaka hii, zile zitakazotazamwa na wajukuu wetu, ziwe zimepigwa na vijana waliopita Yolé!Africa.