Kujitwika

Ukitaka kumjua mbebaji hodari, usimwangalie akitembea. Mwangalie anapojitwika. Pale Mwandiga, mkoani Kigoma, inapoanzia barabara ya Manyovu, wanawake hupita na mihogo, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese na ndoo za maji, na mgeni huduwaa kwa jinsi mikono yao inavyoning'inia bila kushika chochote. Lakini huo mwendo ni matokeo tu. Kazi ilikwishafanyika kabla ya hatua ya kwanza.

Inaanza na ngata. Kitenge hukunjwa kwa urefu, kikazungushwa kwenye vidole, ncha ikachomekwa kwa ndani. Ikibana mno inaumiza utosi, ikilegea inateleza, na ikikaa kombo kidogo tu shingo italipa njia nzima. Ndipo mama anachuchumaa mbele ya ndoo, miguu ameitanua, mgongo ameunyoosha. Ndoo inapanda kwa vituo: pajani kwanza, halafu kifuani, na kila inapopanda pumzi inatoka. Mikono ikishaisukuma juu, yeye mwenyewe anaingia chini yake. Mzigo haukifuati kichwa. Kichwa ndicho kinachoufuata mzigo. Kisha anasimama tu. Anangoja maji yatulie, na wengine huweka tawi lenye majani juu yake yasirukeruke. Ndoo ikiwa imejaa pomoni, husikii akijitia ushujaa: "Dada, nitwishe," na mpita njia anamtwisha.

Hapo kwenye kusimama tu ndipo ninapoyakumbuka mazoezi ya Pilates.

Joseph Pilates alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, na sehemu ya kifungo hicho aliipitisha Kisiwa cha Man, akiendelea kuunda mazoezi yake. Katika miaka ya 1920 alihamia Marekani, na yeye na mwenzake Clara wakafungua chumba cha mazoezi jijini New York. Mazoezi yenyewe aliyaita Contrology. Jina lake mwenyewe liliyashika baadaye. Leo yana mashine zenye springi na bei zake, lakini msingi wake ni mkeka na sakafu.

Mwanafunzi mpya aliyezoea kuruka na kutoka jasho huenda akaona hela yake imepotea. Analazwa chali, magoti juu, nyayo chini, na anaambiwa apumue. Pumzi ivutwe kwa pua hadi mbavu zitanuke ubavuni na mgongoni. Ikitoka, kitovu kizame taratibu bila kukaza mabega. Basi. Baadaye ndiyo linakuja lile zoezi maarufu la mia: kichwa na mabega juu, mikono ikipigwapigwa hewani mara 100, mapigo matano kwa pumzi ya kuvuta na matano kwa pumzi ya kutoa. Hapo wengi huumia shingo, kwa sababu tumbo halijajifunza kazi yake na shingo imejitolea kuisaidia.

Kosa hilohilo utaliona kwa binti anayejifunza na kidumu cha lita tatu. Shingo imekakamaa, macho yanatafuta vidole vya miguu. Bibi hamwambii asimwage maji. Anamwambia atazame mbele. Agizo zuri sana hilo, maana macho yakienda mbele kidevu kinakaa, kidevu kikikaa mgongo unajipanga wenyewe, na hajaambiwa neno juu ya mgongo.

Wanasayansi nao waliduwaa. Mwaka 1986 Maloiy, Heglund na wenzao walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya: mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu yanayopimika. Habari hiyo imesimuliwa mno kuliko ilivyostahili. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni theluthi ya uzito wake, mbali na unafuu ule. Utafiti wa baadaye huko Afrika Kusini haukuukuta unafuu huo kwa wabebaji wote, na ulikutana na maumivu ya shingo. Kwa hiyo ninapousifu ustadi huu siusifu mzigo. Ile kaulimbiu ya serikali ya Tanzania ya kumtua mama ndoo kichwani ni ya haki, na bomba likifika mtaani sitasikitika hata kidogo kwamba mabinti hawatajifunza kujitwika.

Wewe unayeanza Pilates, huna haja ya ndoo. Kama hakuna mwalimu karibu, tandika mkeka, lala chali, jifunze ile pumzi ya mbavu na kitovu kwa siku kadhaa kabla ya kugusa zoezi lolote lenye jina. Mia iache kwanza. Utakapoifikia, shingo ikianza kuuma, rudisha kichwa chini uendelee na mikono peke yake. Walimu wenyewe huruhusu hivyo. Na kama una ugonjwa wa mgongo, una ujauzito au umetoka kujifungua, muulize daktari kwanza.