"NI" NA "-KI-": MAONI MAKALI JUU YA TANA YA CHINI NA FAIDA YAKE KWA MSAFIRI

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo wahakiki wetu wamelipita kando, pengine kwa kudhani kuwa ni la wenye mahoteli na mabasi: je, maneno makali yanayosemwa au kuandikwa juu ya mahali fulani humfaa msafiri anayeazimia kwenda huko? Kwa maoni yetu swali hili ni la kifasihi. Jawabu lake halimo katika ukali wa maneno, wala halimo katika ukweli wake peke yake. Limo, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa, katika muundo wa sentensi. Mfano wetu mkuu ni Tana ya Chini, hasa kijiji cha Hewani na mji wa Garsen, kwa kuwa sehemu hiyo imesemwa vibaya kwa muda mrefu, na kwa kuwa kusemwa huko kumeigharimu taaluma yetu.

Gharama yenyewe si ya kutafutwa mbali. Mtafiti wa habari za Fumo Liyongo hukimbilia Lamu, Pate na Mombasa. Hata hivyo, kaburi linalosemwa kuwa ni la Liyongo liko Kipini, kwenye mlango wa mto, na Wapokomo wa kandokando ya mto huo wana masimulizi yao juu ya mtu huyo. Alice Werner, aliyezuru pwani yetu kati ya 1911 na 1913, alizijali habari za Wapokomo na kuziandika. Waliomfuata wengi wamepita juu ya Tana kwa ndege. (Tukumbuke kwamba nchi nzima ya Kenya husimama wima kwa muziki uliotokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, lakini ni wangapi kati ya wanaosimama waliowahi kufika mto huo?)

Mwandishi wa makala haya alipotaka kwenda Hewani kukusanya ngano, mwenzake mmoja alimwonya kwa sentensi tatu: Garsen ni tanuri, Tana ni mbu, kule ni vita. Haifai kumcheka mwenzetu huyo, maana kila sentensi ilikuwa na ukweli ndani yake. Joto la Garsen si la kusimuliwa. Mbu wa bonde huongezeka maji ya mafuriko yanapotuama. Na damu imemwagika kweli: Riketa peke yake, tarehe 22 Agosti 2012, waliuawa watu zaidi ya 50, na mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyoendelea katika delta hadi mwanzo wa 2013 yaliua jumla ya watu zaidi ya 100. Sasa tuzipime sentensi hizo kwa kipimo cha msafiri. Zinamwezesha kufanya nini? Kutokwenda tu. Hazimwambii aende lini, apite wapi, achukue nini, amwamini nani. Kwa asiye na budi kwenda hazina msaada wowote.

Hapo ndipo sarufi inapoingia. Kitenzi kishirikishi "ni" hufunga kitu na sifa yake bila kutaja wakati. Anayesema "Garsen ni tanuri" hasemi mwezi wala saa. Anaifanya hali ya saa nane mchana, mwezi wa Februari, kuwa tabia ya kudumu ya mji. Kinyume chake ni sentensi yenye "-ki-" ya masharti au "-po-" ya wakati, ikifuatwa na "hu-" ya mazoea: maji yakipanda, njia hukatika. Sentensi hii ni kali vilevile. Anayeisikia hasikii sifa yoyote ya nchi. Lakini anaweza kuitumia, kwa sababu imemwonyesha pa kuuliza: je, maji yamepanda?

Huko Hewani mwandishi alipokewa na mzee mmoja ambaye, kwa siku mbili za kwanza, hakusema neno jema hata moja juu ya kijiji chake lisilofuatwa na baya. Alisema kwamba jua likizama haifai kuteka maji pale chini, bali pale penye ukingo mrefu, kwa sababu mamba husogea karibu gizani. Mvua ikinyesha milimani, hata kama hapa hakuna wingu, mto hujaa baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo mgeni asilitazame anga la Hewani, asikilize habari za juu. Mpunga ukianza kukomaa, usimwulize mtu ngano asubuhi, kwani yuko shambani akifukuza ndege, na atakujibu vibaya. Maneno yote haya ni maoni mabaya juu ya mahali. Ukiyatoa "-ki-" zake, yatakuwa: Hewani ni mamba, ni mafuriko, ni watu wakali. Yaani yatakuwa yale yale ya mwenzetu wa idarani.

Je, tunadai kwamba wenyeji husema kweli na wageni hukashifu? Hatudai. Mwandishi mgeni anaweza kuwa na sentensi zote mbili ndani ya ukurasa mmoja, na mfano ulio wazi ni David Livingstone. Aliwasili Unguja Januari 1866, na shajara zake, zilizotolewa na Horace Waller mwaka 1874, zina maneno juu ya uvundo wa mji ambayo yamerudiwa na waandishi chungu nzima. Kinachorudiwa ni mzaha wake: alilipindua jina la kisiwa likawa jina la uvundo. Lakini mzaha huo hausimami peke yake. Karibu yake ametaja uvundo unatoka wapi, yaani kwenye ufuo ulioachwa wazi na maji ambako uchafu wa mji ulitupwa, na unazidi lini, yaani usiku. Msafiri wa 1866 aliyesoma habari za ufuo angejua nyumba ya kupanga na ya kuepuka. Aliyesoma mzaha angepata cha kuchekea tu. Jambo la kusikitisha, na kwetu sisi wahakiki ni jambo la kujifunza, ni kwamba kilichodumu ni mzaha. Jina husafiri kirahisi kuliko sharti. Daktari James Christie, aliyeandika kitabu chake cha 1876 juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, alisema mambo mazito zaidi kuliko Livingstone: alieleza jinsi maradhi ya 1869 na 1870 yalivyofuata njia za misafara ya bara mpaka Pangani, na kutoka huko yakavuka hadi Unguja. Hakuna mzaha wake unaokumbukwa, ingawa yeye ndiye ambaye angeweza kumwokoa mtu.

Tukigeukia maandishi ya Kiswahili yenyewe, hatuna budi kumtaja Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Habari zake zimo katika mkusanyo wa Carl Velten wa Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Göttingen mwaka 1901. Salim si mtu wa kusifu ovyo. Anapoona baridi, uchafu au tabia asiyoipenda, huitaja. Lakini mizani yake iko wazi mbele ya msomaji: ni mizani ya mtu wa pwani, Mwislamu, mtumishi, anayeangalia anachoweza kula na asichoweza, anayemsalimu na anayemshangaa. Hapa tunapata jambo ambalo kipimo chetu cha sarufi hakikulitosheleza. Hata sentensi ya "ni" inaweza kufaa iwapo msikilizaji anajua mizani ya msemaji. Mjomba wako akikuambia "pale ni pabaya," unajua mjomba huogopa nini na hadharau nini. Umeshamsikia akisema hivyo mara ishirini. Sharti halikutajwa, lakini unalo. Mwandishi asiyekujua, asiyetaja yeye ni nani na amezoea nini, anakupa hukumu bila mizani, nawe unabaki kukisia.

Kuna jambo jingine katika Salim linalostahili kutazamwa. Aliyaandika mabaya ya Urusi akiwa ameshaondoka Urusi. Adabu zetu za ugeni hazimruhusu mgeni kulalamika mbele ya mwenyeji. Akipewa chai yenye moshi huinywa, na akiulizwa husema nzuri. Mwenyeji naye huficha aibu za nyumba yake mpaka amwamini mgeni. Mzee wetu wa Hewani alisema mengi, lakini ilimchukua wiki nzima kutaja ni jirani gani wasiosemeshana tangu 2012. Kwa hiyo tukiwanyamazisha wote wanaosema vibaya juu ya nchi za watu, kama wanavyotaka baadhi ya watetezi wa utalii, tutabaki na adabu za pande mbili na msafiri hatajua lolote. Lugha ya matangazo, ambayo kwayo kila ufuo ni pepo, ni "ni" ile ile iliyogeuzwa uso. Ukali wa aliyekwishaondoka una kazi yake.

Hata hivyo, "hu-" nayo ina mtego, na mhakiki asiyeuona atadanganyika. "Watu wa kule huua wageni" ni sentensi ya mazoea, lakini haina sharti. Ni hukumu iliyovaa nguo za uchunguzi. Chukua habari za Golbanti, karibu na Ngao, ambako mwaka 1886 mmishenari John Houghton na mkewe Annie waliuawa. Ukizisoma kwa haraka utasema: Tana huua wamishenari. Lakini waliowaua walikuwa wapiganaji wa Kimaasai waliokuja kuvamia, katika miaka ambayo uvamizi wa namna hiyo uliwasumbua wenyeji wa mto huo wenyewe kabla ya kumsumbua mgeni yeyote. Wamishenari wa Neukirchen walioanzisha kituo Ngao mwaka 1887 hawakuwa wajinga wala mashujaa wa ajabu. Waliona palikuwa na sharti katika habari ile.

Tumalizie na aina ya maoni makali yenye nguvu kuliko zote katika siku zetu, nayo ni tahadhari zinazotolewa na serikali za nje kwa raia wao. Hizi hazichukuliwi kuwa fasihi, lakini zina mtindo, zina msemaji na zina msomaji. Hatuwezi kuzipuuza. Mwezi Julai 2014 wavamizi waliua watu Gamba, ambapo si mbali na Hewani, wiki chache baada ya mauaji ya Mpeketoni. Msafiri aliyedharau maonyo katika majuma hayo hakuwa na busara, hata kama alitoka salama. Sifa kubwa ya tahadhari hizi ni kwamba zina tarehe, jambo ambalo Livingstone anaporudiwa halibaki naye. Udhaifu wake ni mahali. Serikali ya Uingereza, katika miaka iliyofuata, ilifikia kuutumia mto Tana wenyewe kuwa mpaka: sehemu za kaunti zilizo kaskazini ya mto haifai kwenda ila kwa dharura. Kwenye ramani ya London mstari huo hauna shaka. Lakini mto huu una tabia ya kuhama. Maji yake yanaingia baharini Kipini kwa sababu mfereji wa Belezoni, uliochimbwa na watu katika karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, ulichukuliwa na mto ukawa mkondo wake mkuu. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalibomoa mradi mkubwa wa mpunga wa delta, na mwishoni mwa 2023 maji yaliikata tena barabara ya Garsen kwenda Lamu. Mzee wetu alipoonyeshwa tahadhari hiyo na kuulizwa kijiji chake kiko upande gani, alitaka kujua kwanza ni mkondo upi unaokusudiwa. Hakuwa akifanya mzaha. Alinyosha mkono kuelekea kule mto ulikokuwa alipokuwa mtoto.

Msafiri anayesoma tahadhari ya namna hiyo hujifunza kwamba kuna hatari, na pengine tangu lini. Hajifunzi hatari hiyo huongezeka mwezi gani, njiani au kijijini, kwa mwenye gari peke yake au kwa abiria wa basi linalosindikizwa. Hilo analipata kwa dereva wa Minjila, akiuliza vizuri.

Hatukugusa hapa maandishi ya wamishenari wa Ngao kwa Kipokomo, wala namna Wapokomo wenyewe wanavyosimulia safari zao kwenda Malindi na Mombasa, miji ambayo katika ngano tulizozirekodi haitajwi kwa heshima hata kidogo. Katika moja ya ngano hizo kijana anarudi kutoka Mombasa na kuulizwa na dada zake mji ukoje. Anajibu kwa hesabu ya bei za maji. Kaseti hizo ziko idarani, na tafsiri yake bado haijakamilika.