Kingo Zigusane, Zisipandane

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Molo na Mau Narok ziko juu zaidi. Kwa hiyo Julai ikifika, mafundi wa vibarazani wanashona duveti na mablanketi ya watoto zaidi kuliko magauni. Kando ya cherehani hujaa gunia la mabaki ya faiba, ule ujazo laini wa ndani: kanda nyembamba, pembe, vipande visivyotosha kitu. Wengi huyasokomeza kwenye mito, basi. Ninayemvizia mimi ni yule anayeyaunga.

Kuunga faiba kunaonekana kazi ya mtoto mpaka ujaribu. Ukipandisha kipande juu ya kingine, unapata tuta ambalo kitenge cha juu hakitalificha hata kiwe na maua namna gani. Ukiacha pengo, kila kufua kunalipanua. Kingo zinatakiwa zigusane tu.

Fundi anayejua hakati kila ukingo kivyake. Anavilaza vipande viwili vipandane kwa upana wa vidole viwili, anavishikilia kwa kiganja, kisha anapitisha mkasi mkali kwenye vyote kwa pamoja. Wala hafuati rula: anakata kwa kupindapinda, kama mto unavyoteremka bondeni. Akishaondoa kanda mbili zilizobaki, ya juu na ya chini, kingo zinaingiana zenyewe. Kiungo kilichopinda hufichika kuliko kilichonyooka, kwa kuwa blanketi likikunjwa halipati mstari wa kufuata.

Mashine ya zigizagi ingemaliza kazi hapo. Lakini cherehani nyingi za vibarazani ni zile nyeusi za kukanyaga, Singer na Butterfly, na zinajua mshono mmoja tu, wa kwenda mbele. Basi inatoka sindano ya mkono. Inachoma kulia, inarudi nyuma kidogo, inavuka kiungo kwenda kushoto, inarudi tena, na nyuzi zinakatizana misalaba midogo ya sentimita moja hivi. Uzi hauvutwi. Ukivutwa, kingo zinajikunja na lile tuta linarudi. Mkono unaenda huku mdomo ukibishana bei na mteja. Mwisho kiganja kinapapasa juu ya kiungo, na kama hakikukwama popote, kazi imekubali.

Kuna ukali mwingine ambao mteja hauoni. Pamba haiungwi na poliesta: pamba husinyaa ikifuliwa, poliesta haisinyai, na blanketi linaishia kuvutana lenyewe kwa lenyewe. Nene haiungwi na nyembamba. Na kishikio cha sufuria ni pamba tupu, kwa sababu poliesta huyeyuka kwenye joto kali. Viko vishikio vya poliesta vinavyouzwa, vinapendeza macho. Mimi sivinunui, nasonga ugali.

Blanketi za viraka za akina mama wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, ziliingia kwenye jumba la makumbusho la Houston mwaka 2002, na tangu hapo watu wamesifu rangi zake na ujasiri wa mistari yake. Sawa. Ila pamba iliyo ndani, mara nyingi ile waliyoilima wenyewe, haitundikwi ukutani kutazamwa.

Kazi ninayoipenda kupita zote ni mto wa kufunikia kikapu cha joto, kile kilichotandikwa vitambaa na kujazwa mabaki, ambamo sufuria ya maharagwe iliyochemka hufungiwa ikamalizie kuiva bila moto. Mto ni wa duara, na mabaki hayaji duara. Fundi anaunga vipande vinne au vitano, anafunika sinia juu yake, anazungusha chaki, anakata. Anatengeneza tabaka la pili vivyo hivyo, halafu, kabla ya kupiga bandi, analizungusha robo ili viungo vya chini visikutane na vya juu. Kwenye blanketi pengo ni suala la sura. Hapa joto hupenya palepale, na maharagwe yanabaki magumu.

Ukiuliza bei, fundi atahesabu kitenge, uzi na muda wake. Faiba haimo kwenye hesabu. Ilishalipwa na mwenye duveti.